Kishikio Alichopewa Mgeni

Juu ya Kwai, Lushoto

Mwanangu Frida,

Si kawaida kumwandikia barua mtu aliye chumba cha pili, tena mtu ambaye namsikia akigeuka kitandani. Ningeweza kusimama, nikafungua mlango wako na kusema ninachotaka kusema. Lakini sauti yangu unaijua. Imefundisha darasani muda mrefu kiasi kwamba hata nikiomba chumvi, watu hukaa wima. Leo wakati wa chakula uliniambia jambo zito, nami nikakujibu kwa sauti hiyo. Kwa hiyo nimechukua kalamu, ambayo haina sauti, na ambayo huniruhusu kufuta.

Ulisema huendi.

Kesho basi linashuka Mombo, huko unapata gari la Dar es Salaam, kisha ndege, kisha masomo ya juu katika nchi ambayo ramani yake baba yako ameibandika ukutani na kuizoea kana kwamba alizaliwa huko. Na wewe, tonge mkononi, ukasema huendi. Mimi nikasema kwamba tiketi imekatwa na kuku wamechinjwa. Baba yako akasema ugali unapoa. Bibi yako alinyoosha mkono akachukua paja la kuku ulilokuwa umeliacha.

Sasa wote wamelala. Baba yako anaamini kwamba hakuna neno zito lisilopungua likilaliwa. Nimeishi naye miaka mingi na sijaona ushahidi wa hilo, ila afya yake ni nzuri.

Mambo ya sweta, chakula na watu wa kuepuka sitayaandika. Shangazi zako wameyamaliza, na kwa kadiri nilivyosikia wamekuonya hata juu ya hatari ambazo hazijagunduliwa. Nitaandika juu ya lile ulilolieleza huku ukiitazama sahani. Nataka kwanza nihakikishe kwamba nilisikia sawasawa, maana wakati ule nilikuwa nimeshughulika kukasirika.

Ulisema kwamba huko unakokwenda wana plastiki za ajabu ambazo zenyewe hupitisha umeme, nao wanataka kujua joto husafiri vipi ndani yake zinapochanganywa na metali. Ulisema kwamba katika maabara ya Dar es Salaam ulitumia plastiki ya kawaida, kwa sababu ndiyo iliyopatikana, ukaichanganya na unga wa shaba, ukiuongeza kidogo kidogo. Umeme ukakataa kupita. Ukaongeza shaba, ukakataa. Ukaongeza tena kidogo tu, mara ukapita kana kwamba mtu amefungua lango la zizi. Ukangoja joto nalo liruke hivyo hivyo. Halikuruka. Lilipanda taratibu tangu mwanzo hadi mwisho, kama mzee anayepanda mlima wetu huu akiwa na bakora. Mwenzako mmoja akakuambia kwamba lazima joto liruke pale umeme uliporuka, na kama halikuruka, basi ama kipimajoto ni kibovu ama mpimaji ndiye mbovu. Wewe ukaamua kwamba ni mpimaji. Na huko unakokwenda, ukasema, watagundua upesi kwamba wamemlipia nauli mtu asiyejua kusoma kipimajoto. Heri ubaki, ufundishe sekondari hapa Lushoto.

Kama nimekosea mahali, nisahihishe. Nimesahihisha watu wengi; sasa ni zamu yangu.

Sasa nikusimulie habari ya Eliya na kishikio. Wakati huo ulikuwa shule ya bweni, na najua ulipata habari hiyo vipande vipande kutoka kwa watu waliokuwa wakicheka. Mimi nilikuwapo, na sikucheka.

Ilikuwa miaka ile ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji, basi. Sufuria, ndoo na sabuni tulivijua kwa majina. Lakini kikundi chetu cha maziwa kilikuwa kimesimama vizuri. Kila nyumba yenye ng'ombe ilileta maziwa ya asubuhi, tukayachemsha pamoja katika sufuria moja kubwa ya alumini, ndipo yapelekwe mjini. Sufuria hiyo ilikuwa mali ya kijiji kizima, na ilitunzwa kama kengele ya kanisa. Ubaya wake ulikuwa vishikio. Vilikuwa vya mbao. Vilipasuka, vikanyonya maziwa, na ukivinusa asubuhi ulipata habari zote za wiki iliyopita. Tulipovitoa na kutumia matambara, matambara yalitumbukia ndani. Mimi nilikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu na katibu wa kikundi. Nisingeweza kuona tambara likiogelea katika maziwa ya umma na bado nikalala.

Isitoshe, nilikuwa na kanuni. Nilitoka nayo chuoni na kuifundisha kila mwaka: metali hupitisha joto, mbao na plastiki havipitishi. Watoto waliikariri kwa pamoja mpaka madirisha yakatikisika. Niliipenda kanuni hiyo kwa sababu ilikuwa fupi, na kwa sababu ndani yake hapakuwa na "labda."

Nikamwendea Mzee Athumani, mhunzi wetu wa bondeni, karibu na msikiti. Unamkumbuka. Alinitania tangu siku niliyoolewa hapa, kwa madai kwamba ni shemeji yangu, na nilipomwomba anieleze undugu wenyewe unapitia wapi, alisema kwamba shemeji wa kweli haulizwi njia. Nikamweleza kwamba nataka vishikio vya plastiki. Akasema plastiki anaijua kama kitu kinachovunjika, wala si kitu kinachotengenezwa, lakini yuko tayari kuaibika pamoja na mimi.

Tukakusanya ndoo zilizopasuka na viatu vya plastiki vilivyokwisha. Baba yako akayeyusha na kukoroga, kitambaa kimefungwa puani, akiwa na uso wa mtu anayetumikia taifa. Tukamimina katika kalibu ya udongo kuzunguka uti wa chuma. Kishikio cha kwanza kilikuwa kizuri hadi sufuria ilipochemka. Hapo kikalegea na kuinama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali. Mzee Athumani akafikiri, akazoa unga uliodondoka chini ya tupa yake, wa chuma na wa alumini, akauchanganya kidogo na plastiki ili iwe ngumu. Kikasimama. Tukachemsha maziwa, tukaipua, tukashika. Hapakuwa na joto la kusumbua.

Hebu fikiria furaha yangu. Metali ilikuwa ndani ya plastiki, na kanuni ilikuwa bado hai. Nikatangaza mbele ya kikundi kwamba metali ikishamezwa na plastiki hupoteza tabia yake. Hakuna aliyeniambia hivyo. Sikuisoma popote. Niliitunga palepale nikiwa nimesimama, na kwa kuwa nilisimama wima, watu waliiamini.

Ndipo zikaja habari kwamba Bwana Mifugo wa wilaya atatutembelea, aone kama kikundi chetu kinastahili kupewa tangi la kupozea maziwa. Bwana Mifugo mwenyewe alikuwa Eliya, kijana wa bonde la pili, ambaye nilimfundisha tangu akiwa hajui kufunga vifungo vya shati. Nilitaka aone kwamba mwalimu wake hajazeeka. Nikamwambia Mzee Athumani kwamba vile vishikio vina rangi ya tope, atengeneze vingine vyenye metali nyingi zaidi. Akaniuliza nyingi kiasi gani. Nikamwambia mpaka ving'ae.

Yeye hakupinga. Mhunzi hajawahi kukataa pendekezo la kuongeza chuma. Alipukuta tupa zote, akafuta meza, akachunguza hata mikunjo ya aproni yake, na unga wote aliopata ukatosha kishikio kimoja. Lakini kilikuwa kishikio, Frida. Kilimetameta kama kinanda kipya. Tukakifunga upande mmoja wa sufuria. Upande wa pili ukabaki na kile cha tope. Basi asubuhi ile sufuria yetu ilikuwa na mkono mmoja wa Jumapili na mmoja wa Jumatatu.

Tulikuwa tumepanga mgeni aipue sufuria motoni pamoja na Mzee Athumani, waibebe mpaka meza ya kuchujia, kuonyesha kwamba serikali na wananchi hubeba pamoja. Wazo lilikuwa langu. Kishikio cha kumetameta tulimpa mgeni. Kingekwenda kwa nani tena? Hapa kwetu kilicho kizuri hupewa mgeni, hata kama mwenyeji ndiye atakayelala njaa.

Wakaipua. Eliya akatabasamu, akasema kishikio kizuri sana, cha baridi kabisa. Na kwa hakika wakati huo kilikuwa cha baridi. Wakapiga hatua kuelekea mezani. Hapo bibi yako akatokea kwenye kona ya nyumba.

Wewe ni mtoto wa hapa, sina haja ya kukueleza. Mtu mzima akitokea, unasimama. Shikamoo haitupwi njiani kama ganda la ndizi, na baada ya shikamoo hujaondoka, kwa sababu ndipo mazungumzo yanapoanza. Eliya alilelewa vizuri. Akasimama. Mzee Athumani, upande wa pili, akasimama. Sufuria ikasimama katikati yao ikitoa mvuke.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Onga mshi," akaongeza salamu ya Kisambaa. "Wewe si wa kwa Shekiondo, ng'ambo ya bonde?"

Akasema ndiye. Bibi yako akaegemea bakora yake, nami nikajua kwamba ametulia. Akauliza mama hajambo. Hajambo. Akauliza dada aliyeolewa Soni hajambo. Hajambo. Watoto wa dada? Hawajambo. Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akiruka ua? Hajambo. Nikaona majibu ya Eliya yanakuwa mafupi, na jasho limeanza kumtoka juu ya mdomo, lakini nilidhani ni heshima. Mzee Athumani, ambaye kishikio chake hakikuwa na neno, aliyafurahia sana mazungumzo, akaongeza swali lake kuhusu mvua za huko kwao. Eliya akasema mvua hazijambo.

"Na babu yako?" akauliza bibi yako.

"Mzima kabisa, Bibi."

Bibi yako akahamishia bakora mkono wa pili.

"Babu yako tulimzika," bibi yako akasema taratibu. "Nami nilisimama karibu na wewe."

"Tangu hapo anaendelea vizuri, Bibi."

Bibi yako akatikisa kichwa, akasema kwamba kazi za ofisi zinawaharibu vijana, akapita. Wakaifikisha sufuria mezani. Haikumwagika hata tone. Kisha Eliya akafungua kiganja chake, akakitazama, na akaomba maji kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Kiganja kilikuwa na mstari mwekundu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nisikilize vizuri hapa. Nilimwekea maji baridi, na nilipokuwa nikimwekea nilimwambia kwamba amekaza mno, na kwamba mikono ya ofisini ni laini. Nilikuwa tayari kulaumu ngozi ya mtoto wa watu kuliko kuilaumu kanuni yangu. Mzee Athumani alikuwa amesimama pale, mkono wake mmoja ukiwa salama kabisa, akaja akagusa kishikio cha kumetameta kwa kidole na kukiondoa haraka. Akaniambia kwamba sufuria moja ina vishikio viwili na kila kimoja kina maoni yake, sasa yeye ajiunge na kipi. Nikamwambia anyamaze.

Eliya hakucheka wala hakukasirika. Mkono ukiwa ndani ya maji, alisema, "Mwalimu, ulitufundisha kwamba haipitishi. Nilipata alama zote. Kilipoanza kuniunguza nilidhani ni woga wangu."

Mwanangu, nimesemwa mengi katika maisha yangu. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniita kichwa kigumu mbele ya darasa. Maneno hayo yalipita. Haya ya Eliya hayajapita. Kijana alikuwa na kiganja chake mwenyewe, na kiganja kilikuwa kinamwambia ukweli kwa sauti kubwa, naye akakikatalia kwa sababu ya sentensi niliyoiandika ubaoni.

Leo, ulipokuwa unasema kwamba mpimaji ndiye mbovu, niliyasikia maneno yale yale. Ndiyo maana nilikasirika. Sikukukasirikia wewe.

Ungedhani kwamba baada ya hapo nilipata akili. Sikupata. Nilipata kanuni nyingine. Nilijiambia kwamba basi metali ikiwa nyingi, plastiki yote hugeuka kuwa metali, na kinachomuunguza Bwana Mifugo hakitashindwa kupasha maziwa. Ndoo za kunyweshea ndama zilikuwa zimekwisha, na ndama, kama ujuavyo, huhitaji maziwa ya uvuguvugu. Nikaagiza kopo kubwa, nene, la plastiki ile ile ya kumetameta. Ilichukua muda mrefu Mzee Athumani kupata unga wa kutosha. Nadhani kuna majembe kijijini hapa ambayo alinoa kupita mahitaji yake. Tukaweka maziwa ya baridi ndani ya kopo, tukalitumbukiza kopo katika maji ya moto, tukaleta ndama.

Maziwa hayakupata joto. Ndama walilia. Tukaongeza maji ya moto. Nikachovya kidole, maziwa yalikuwa baridi kama kisima cha Magamba. Ndama wakalia mpaka mama zao wakajibu kutoka zizini, na majirani wakaja kuuliza nani anachinja. Baba yako alishika ndama mmoja, akawa anamweleza mambo kwa upole. Mwishowe tukamimina maziwa katika chungu cha kawaida, yakapata moto, ndama wakanywa, na kopo likabaki pale katika maji yake.

"Mwalimu," akasema Mzee Athumani, "hii plastiki yako haina adabu. Mgeni inamchoma, ndama inamnyima."

Kijiji kikaipenda sentensi hiyo. Kwa muda mrefu, mtu yeyote aliyekuwa mkali kwa wageni na mchoyo kwa watoto aliitwa plastiki ya Mwalimu. Kwa upande mmoja haipitishi kumbe inapitisha. Kwa upande mwingine inapitisha kumbe haipitishi. Nilikuwa nimekosea pande zote mbili kwa kitu kile kile, na hapakuwa na upande wa tatu wa kukimbilia.

Jibu nililipata kwa bahati tu. Nilipokwenda baadaye kuosha lile kopo, ambalo tulikuwa tumelisahau katika maji yake ya moto, nilikuta mabaki ya maziwa ndani yake yana uvuguvugu mzuri kabisa, ule ule ambao ndama angeutaka. Nikakaa juu ya kigogo nikiwa na kopo mapajani. Joto lilikuwa limefika. Lilikuwa limekuja kwa mwendo wake. Kwenye kishikio tulisimama mno, tukalingoja bila kujua kwamba tunalingoja, mpaka likafika mkononi mwa Eliya. Kwenye kopo hatukungoja. Mwendo ulikuwa ule ule siku zote mbili. Sisi ndio tulikuwa tofauti: siku moja tuna salamu, siku nyingine tuna ndama.

Tangu hapo darasani sikusema tena "haipitishi." Nilisema "hupitisha polepole." Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza aandike lipi kwenye mtihani. Nilimwambia aandike "haipitishi," kwa sababu msahihishaji hajakutana na bibi yetu, lakini akitoka nje ya chumba cha mtihani ashike vitu kwa uangalifu. Sikuona fahari kumjibu hivyo. Lilikuwa jibu la kwanza lenye "labda" nililowahi kutoa nikiwa nimeshika chaki. Na tangi, nisisahau, tulipewa. Eliya aliandika kwamba kikundi hakimwagi maziwa.

Sasa nirudi kwako. Kabla hujasema huendi, ulinieleza wazo lako, ukaliita upuuzi hata kabla hujalimaliza, tabia ambayo sijui umeirithi wapi, kwangu siyo. Ulisema kwamba umeme ndani ya mchanganyiko ule ni kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Jiwe moja likikosekana anabaki ukingoni, hata kama mawe mengine yote yapo. Likiwekwa la mwisho, anavuka mara moja. Lakini joto, ulisema, huenda halihofii kulowa. Likikosa jiwe linaingia majini, linakwenda taratibu, linapanda jiwe, linashuka tena majini, na kila linapopanda na kushuka linachelewa. Kwa hiyo linavuka tangu mwanzo, ila kwa uchovu, na mawe yakiongezeka linaharakisha kidogo kidogo bila kuruka. Kisha ukasema ni maneno ya jikoni tu, mwenzako alicheka.

Mimi sijui kama wazo hilo ni sahihi. Sina elimu hiyo, na nimeapa kutotunga kanuni nikiwa nimesimama. Nimekaa. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na kopo mapajani, na joto lilikuwa limevuka mto bila kuruka. Huenda kipimajoto chako hakina kosa. Huenda mkono wako hauna kosa. Huenda mwenzako ana sentensi nzuri tu, fupi, isiyo na "labda." Nami najua utamu wa sentensi ya namna hiyo.

Na kama umekosea kweli? Basi utakosea mbele ya watu wenye vipimajoto vizuri zaidi, nao watakuonyesha mahali. Mimi nilikosea mbele ya ndama, na ndama hawakunieleza kitu.

Usianze kunifananisha na plastiki hiyo. Najua unatabasamu hapo, nakufahamu. Baba yako alishajaribu, akalala bila chai.

Nimebakiza jambo moja, na limenichukua muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia. Uliposema huendi, kabla sijakasirika, nilifurahi. Ilikuwa kitambo kifupi sana, kama kufumba na kufumbua, lakini nilikiona. Niliona kitanda chako kikiwa na mtu. Nilikuona ukipanda kutoka sekondari jioni ukiwa na madaftari ya kusahihisha, ukilalamika juu ya wanafunzi, nami nikikuambia nilikuonya. Nilifurahi hivyo, Frida, kisha nikajionea haya, na ile sauti kali uliyoisikia ilikuwa namfokea mwanamke huyo aliyefurahi. Wewe ulikuwa umekaa tu mbele yake.

Kwa hiyo usiende kwa sababu ya tiketi. Tiketi ni karatasi, na kuku walikuwa wamezeeka. Usiende kwa sababu nimekufokea. Wala usibaki kwa sababu nimekuandikia kwamba nilifurahi; hilo nimeliandika ili lisikufikie siku nyingine kwa njia ya shangazi. Kama unabaki kwa sababu unataka kufundisha, nitakupa chaki zangu zilizobaki na kukutembeza kwa mwalimu mkuu mimi mwenyewe. Lakini kama unabaki kwa sababu ya kitu ulichokipima kwa mkono wako na kisha ukakikatalia, hapo nitakuwa nimefundisha miaka yote hii bure, na wa kwanza kuungua alikuwa mtoto wa watu, wa pili wangu.

Nimekusikia sasa hivi ukishuka kitandani. Unavuta kamba ya sanduku. Kwa sauti peke yake siwezi kujua kama unaifunga au unaifungua, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe sitakuja kuchungulia.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako. Alfajiri nitagonga mara moja tu, kisha nitakwenda zangu kukoka moto. Hata usipotoka, sitagonga tena.

Ni mimi niliyekuzaa, na ambaye bado nakaa wima ninapokuandikia,

Mama